Bei ya Kichwa

Mimi si mtu wa likizo. Tangu nioe, likizo yetu imekuwa ni kwenda ushago kila Desemba, tukiwa tumekunja magoti ndani ya basi lililojaa magunia na kuku, na kurudi Nairobi Januari tukiwa tumechoka kuliko tulivyoondoka. Ndiyo maana tangazo lile lilipoingia katika simu yangu, likisema kwamba familia ya watu wanne itakaa katika hoteli ya Diani siku tatu, kulala na kuamka, kifungua kinywa na chakula cha jioni vikiwamo, kwa Sh 21,500 "kwa familia", nililisoma mara tatu, nikavua miwani, nikaipangusa kwa pindo la shati, kisha nikalisoma mara ya nne. Nilimtumia mama watoto tangazo hilo kwa WhatsApp, tukaandikiana mawili matatu ambayo nitayaeleza baadaye, ingawa si kwa hiari yangu, na kabla ya chai ya saa nne kupoa nilikuwa nimelipa arbuni ya Sh 10,000 kwa M-Pesa.

Kampuni nayo haikulala. Baada ya dakika chache nilipokea baruapepe ya kuthibitisha: jumla Sh 21,500, imelipwa Sh 10,000, salio Sh 11,500. Niliichapisha kwenye karatasi, nikaibandika kwenye friji, nikaenda kununua boya la kuogelea lenye umbo la bata, la manjano, lenye shingo ndefu na macho ya mshangao.

Majuma mawili kabla ya safari, binti mmoja wa kampuni alinipigia simu kwa sauti tamu ya kunikumbusha salio langu la Sh 76,000. Nilimwambia kwamba amekosea namba ya simu. Akanitajia jina langu. Nikamwambia basi amekosea hesabu. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefundishwa kucheka na wateja, akaniambia, "Mzee, hiyo Sh 21,500 ni kwa kichwa."

Kwa kichwa! Babu yangu alilipa kodi ya kichwa kwa mkoloni hadi akakiona kichwa chenyewe kuwa ni mzigo, na sasa mjukuu wake anadaiwa kwa kichwa ili akaone bahari. Halafu ni vichwa gani hivyo? Kitindamimba wangu ana miaka minne, na chakula chake cha jioni ni nusu chapati, ambayo robo yake huishia chini ya kiti. Kichwa chake kinawezaje kuwa na bei sawa na changu, ambacho hata kofia za dukani hukikataa?

Nina mpwa anayesomea sheria chuo kikuu, na kwa kuwa karo yake tunamchangia, nilimwita aje kuanza kuilipa. Alikaa mezani, akaomba chai, akanifungulia macho. Kwanza, alisema, tangazo peke yake halinifungi mimi wala kampuni, kwa sababu kisheria tangazo ni mwaliko tu, kama bei iliyobandikwa kwenye rafu ya duka. Lakini kampuni ikishapokea pesa na kuthibitisha jumla kwa maandishi, hapo kuna mapatano. Pili, Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa masilahi yake ya kiuchumi. Tatu, kuna Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka 2012, na hata Sheria ya Ushindani inakataza kumpotosha mteja kuhusu bei. Nilijiona nimerefuka.

Nikarudi kwenye simu. Safari hii nilipewa msimamizi, mwanamume asiyecheka, ambaye alisema kwamba Sh 21,500 ilikuwa ni makadirio tu. Wapenzi wasomaji, nilitamani kumkumbatia. Mpwa wangu alikuwa amenionyesha kwamba sheria hiyo ya 2012 inasema, mapatano yakiwa na makadirio ya bei, mteja hawezi kutozwa zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio hayo. Nikamwambia polepole, kama mtu anayemhesabia mtoto peremende, kwamba asilimia 10 ya 21,500 ni 2,150, kwa hiyo niko tayari kulipa hadi Sh 23,650 na asante. Kimya kikapita. Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili. Kisha akasema kwamba, kwa kweli, hayakuwa makadirio. Yalikuwa makosa ya uchapaji.

Nilikata simu kwa heshima nikamwambia mpwa wangu kwamba tutakutana nao mahakamani. Na hili si tishio la mlevi, kwa maana Mahakama ya Madai Madogo hushughulikia madai yasiyozidi Sh 1,000,000, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60. Nilianza kufanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni. Nilikuwa na suti. Nilikuwa na risiti, baruapepe na picha ya tangazo.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, akimega mandazi ya tatu, "unazijua ngozi za sungura?"

Sikuzijua. Akanieleza kwamba katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1939 huko Uingereza, wafanyabiashara fulani walikusudia kuuza ngozi za sungura wa Ajentina kwa bei ya kila ngozi, lakini wakaandika bei hiyo kuwa ni ya kila ratili, yaani kwa uzito. Kwa kuwa ratili moja huchukua ngozi kama tatu, bei ilishuka hadi thuluthi. Mnunuzi akaidaka haraka, akataka auziwe vivyo hivyo. Jaji akamnyima, kwa sababu katika biashara ile kila mtu alihesabu kwa ngozi, na mnunuzi lazima alijua kwamba mwenzake ameteleza. Nikauliza, sungura wa Ajentina wananihusu nini mimi mkaazi wa mtaa wa Umoja, Nairobi? Akasema Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imetuletea kanuni za mikataba za Waingereza, na sungura wao wamekuja nazo.

"Lakini wewe una nafuu," akanifariji. "Watalazimika kuonyesha kwamba ulijua. Hebu nione mazungumzo yote ya siku ile, tuyachapishe kama ushahidi."

Nikampa simu, nikaenda kuongeza maji ya chai. Niliporudi alikuwa amenyamaza kwa namna ambayo vijana wa siku hizi hawanyamazi. Akanigeuzia skrini. Juu lilikuwapo tangazo. Chini yake mama watoto alikuwa ameandika, "Rahisi huvunja upishi. Hii ni ya mtu mmoja." Na chini yake, saa 4:07 asubuhi, kwa mkono wangu mwenyewe na emoji mbili za kucheka, nilikuwa nimejibu: "Najua wamekosea. Wacha nilipe haraka kabla hawajagundua."

Mpwa wangu alisema bado tungeweza kubishana, kwa sababu si mimi niliyeandika "kwa familia", na aliyethibitisha jumla ni kampuni. Nilimwuliza kama ningelazimika kuusoma ujumbe ule kwa sauti mbele ya hakimu. Akasema huenda. Mama watoto, aliyekuwa jikoni muda wote akijifanya haelewi sheria, akasema yeye yuko tayari kuwa shahidi, ila hakusema wa upande gani.

Niliomba arbuni yangu. Kampuni iliirudisha siku ya tatu, Sh 10,000 kamili, pamoja na ujumbe wa kunikaribisha tena. Boya halikurudishwa, kwa kuwa duka halipokei kitu kilichokwisha kupulizwa. Limekaa sebuleni. Usiku watoto wakilala huwa naketi ndani yake nikitazama taarifa ya habari, na lile bata la manjano linanitazama kwa macho yale yale ya mshangao.