Moto ukizuka katikati ya kivuko cha Likoni, abiria aelekee wapi?

Sisi watu wa Mombasa tukitaja hatari ya feri tunafikiria kuzama tu, na tuna sababu, maana ajali ya kivuko cha Mtongwe hapa hapa kwetu haijasahaulika, tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu na watu 272 wakafa. Lakini kinachoninyima raha mimi ni moto. Na zaidi ya moto, moshi.

Hebu itazame feri ya Likoni saa kumi na mbili jioni watu wakitoka kazini. Malori, matuktuk, magari madogo, kila moja na mafuta yake kwenye tangi, mikokoteni pembeni, halafu sisi wa miguu tumebanana, mama ana mtoto mgongoni, mzee ameshika fimbo. Sasa gari moja lianze kufuka moshi katikati ya mkondo. Watu watakimbilia upande usio na moshi, wote kwa pamoja, wengine watajirusha majini na hawajui kuogelea, wengine watakanyagwa. Moto ambao baharia mmoja mwenye mtungi wa kuzimia angeumaliza pale pale unageuka msiba kwa ajili ya taharuki peke yake.

Na msifikiri wenzetu wenye meli kubwa wamesalimika. Usiku wa tarehe 7 Aprili 1990 meli ya Scandinavian Star iliwaka ikitoka Oslo kwenda Frederikshavn kule Denmark, wakafa watu 159, na wengi wao hawakuunguzwa na moto, walimalizwa na moshi wenye sumu uliotoka kwenye kuta zilizopambwa kwa plastiki. Wengine walikutwa kwenye korido, walikuwa wanautafuta mlango. Mabaharia wengi walikuwa wageni kwenye meli ile, mazoezi hawajafanya, lugha ya abiria hawaijui, kwa hiyo hata aliyetaka kusaidia alishindwa kusema pita huku. Hilo la lugha ndilo linaloniuma sana kwa sababu lilikuwa linazuilika kabisa!

Meli za abiria zinazotoka nchi moja kwenda nyingine zina sheria zake sasa, ile SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa watu baharini. Baada ya meli ya Costa Concordia kupinduka Italia mwaka 2012 na watu 32 kufa, ikawa lazima abiria wa safari ndefu waonyeshwe pa kukusanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka, na king'ora chake kinajulikana, milio saba mifupi na mmoja mrefu. Kivuko cha ndani kama chetu hakiguswi na sheria hizo.

Najua kuna atakayesema aah, Likoni ni dakika chache tu, maelezo ya nini. Mimi naona ndiyo maana hasa yanahitajika, kwa sababu moto ukiwaka hakuna muda wa kuanza kufundishana, kila mtu atafanya lile alilokuwa analijua kabla hajapanda. Na sasa hivi tunajua nini? Ukiwa ndani muulize aliye karibu nawe laifu jaketi ziko wapi na inafungwaje, usikie atakujibu nini.

Pale kwenye kibanda cha kusubiri tunakaa tu tukitazama simu. Tangazo la dakika moja kwa Kiswahili chetu linatosha: laifu jaketi ziko hapa, ukiona moshi usikimbie, inama chini uondoke taratibu upande unakotoka upepo, dereva zima injini, usiruke mpaka uambiwe. Lirudiwe kila siku mpaka watoto walikariri. Na mazoezi ya kuwatoa watu yafanywe kweli, abiria wakiwa ndani, tena na feri ya saa kumi na mbili jioni, siyo ile ya saa nne asubuhi yenye nafasi, kwa sababu feri tupu haitamwonyesha nahodha watu watasukumana wapi.