Nilivyomsifu Mchumba kwa Nusu ya Shairi

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko karibu na stendi ya mabasi ya Kisumu, pale ambapo Busia, Kakamega na Nairobi huitwa kwa pumzi moja. Kazi hii ina kungoja kwingi: ukishaipasha skrini moto ili gundi ilegee, huna la kufanya ila kukaa. Wenzangu hutazama mpira. Mimi husoma. Na kwa kuwa pesa za vitabu vipya sina, husoma chochote kinachopita, na kinachopita zaidi hapa kwetu ni njugu.

Nieleze. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, tukasikia habari za faini ya hadi milioni nne au kifungo cha hadi miaka minne, mama njugu wetu hakungoja kuonyeshwa mlango wa jela. Alirudia karatasi. Huzinunua kwa kilo, zilizokwisha kutumika, kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Nyingi huwa mitihani ya shule. Nimewahi kula njugu ndani ya hesabu za mtoto aliyepata 7 kwa 50, nikazitafuna polepole, kwa heshima, kama mtu aliye matangani.

Kisha siku moja akaletewa katoni ya vitabu. Sijui ilitoka nyumba gani. Majalada yalitangulia kwenda, maana ni magumu na yanafaa kupepea makaa, kwa hiyo vitabu vyenyewe vilinifikia bila jina la kitabu wala la mwandishi. Njugu zangu za kwanza zilikuwa ukurasa wa 61. Mwanamume amefika kwao usiku wa manane kwa baiskeli, mfukoni ana barua isiyo yake, na mama yake ameketi gizani hajawasha taa. Nikageuza, ukurasa wa 62. Mama akasema, "Nilijua utaileta wewe." Basi. Karatasi ikaishia hapo.

Niliacha simu ya mtu imefumuliwa mezani nikakimbilia njugu nyingine. Nikapata ukurasa wa 15, yule mwanamume bado mtoto anachunga mbuzi. Nikawa nayajua ya ukubwani mwake kabla ya utoto wake, kama Mungu.

Waandishi wakubwa nawaheshimu. Lakini hao tuliwasoma darasani, mwalimu ameshatuonyesha pa kucheka, pa kuhuzunika, na swali litakalotoka kwenye mtihani. Huyu wa njugu hakuna aliyenitangulizia habari zake. Pengine alilipia uchapishaji mwenyewe, akauza nakala kadhaa kanisani, nyingine zikabaki chini ya kitanda. Na bado alinifanya nisimame wima katikati ya kazi kwa sababu ya mama mmoja aliyekaa gizani.

Kwa wiki tatu nikala njugu. Nilikula asubuhi, nikala mchana, tumbo likaanza kujibizana nami usiku. Wateja wakalalamika kwamba simu zao zinarudi zikiwa na mafuta. Mama njugu mwenyewe akaingiwa na wasiwasi.

"Nyathina, mwanangu, kuna mtu amekuambia hizi ni dawa?"

Nikamweleza ukweli, nikamwomba aniuzie katoni nzima. Akakitwaa kitabu kimoja, akakipima kwa jicho.

"Hiki kinatoa pakiti mia mbili. Za shilingi kumi. Hiyo ni elfu mbili, kitabu kimoja. Uko nayo?"

Sikuwa nayo. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya mahari, na Jumamosi ile ndiyo tuliyokuwa tupeleke maneno kwa wakwe.

Hapo ndipo diwani, kitabu cha mashairi, ilipoingia. Njugu zilikuwa zimepanda bei, na mama njugu kwa kubana matumizi akaanza kuigawa kila karatasi mara mbili kwa urefu, akiikunja na kuichana kwenye ukingo wa meza, imenyooka kama imepigwa rula. Riwaya ukiichana hivyo umeiua. Shairi je? Tarbia, kama mjuavyo, ina mishororo minne kila ubeti, na kila mshororo una mizani, yaani silabi, kumi na sita: nane upande wa kushoto, yaani ukwapi, nane upande wa kulia, yaani utao. Katikati kuna koma na nafasi. Mama njugu alikuwa akichana palepale kwenye koma, kana kwamba alisomea arudhi, zile kanuni za ushairi.

Basi nikapata ukwapi mtupu:

Usiku sasa silali,
Chakula hata sijali,
Wanitesa kwelikweli,
Tuachane sikubali,

Na ubeti wa pili:

Toka utoto mwandani,
Mweupe wa kutamani,
Nikushikapo shavuni,
Tuachane sikubali,

Nyuma ya karatasi mlikuwa na utao wa shairi jingine kabisa, la kulalamikia bei ya unga. Nilijaribu kuyaoza hayo mawili, vina vikakataa.

Lakini upande wa mbele! Mtu halali, hali, anateswa, na kuachana hataki. Hata asiyejua kusoma angejua hayo ni mapenzi. Nikaamua kuujaza utao mwenyewe na kulighani shairi lote mbele ya wakwe, maana mchumba wangu ana mjomba aliyestaafu ualimu wa Kiswahili, na nilikuwa nimeonywa kwamba mzee huyo ndiye mlango wa nyumba. Kwa siku mbili nilihesabu mizani kwa vidole huku nikibadilisha betri za watu:

Usiku sasa silali, nawe u moyoni mwangu,
Chakula hata sijali, nashiba kwa penzi langu,
Wanitesa kwelikweli, mrembo wa macho yangu,
Tuachane sikubali, hata waje walimwengu.

Ubeti wa pili ulinipa taabu kidogo. Mchumba wangu si mweupe, na wala hana mpango wa kuwa. Ila mizani ilikuwa imetimia, nikaogopa kuigusa.

Jumamosi asubuhi nikapita kwa mama njugu kununua pakiti arobaini za kuwapelekea wakwe, ziandamane na sukari, mikate na majani chai. Nia yangu ilikuwa kuzifungua zote kwanza, niukague ule utao kama umo. Lakini matatu ilikuwa imejaa, na msemaji wetu, mzee wa ukoo mwenye sauti ya kondakta, alikuwa ananiita jina langu la ubatizo. Nikazitia kwenye kikapu hivyohivyo. Kondele tukaipita, Mamboleo, Kiboswa, Majengo, nami njia nzima midomo yangu inacheza. Aliyeketi kando yangu alidhani nasali.

Maragoli, kwao mchumba wangu, ni nchi ya vilima na mawe makubwa kama nyumba. Bomani tukapokewa vizuri. Wazee upande mmoja, shangazi upande mwingine, mama mkwe mbali kidogo kama desturi itakavyo. Jikoni kuku walikuwa wameshatoa harufu yao. Zawadi zikapokelewa, na ili watu wasikae bure, njugu zikagawiwa. Mjomba mwalimu akapewa pakiti tatu. Nilimwona akivaa miwani ili ale njugu. Hilo peke yake lingetosha kunionya, kwa sababu hata mimi ndivyo nilivyo.

Msemaji wetu akasema yake, akamaliza: "Na kijana ana machache."

Nikasimama. Nikakohoa. Nikaanza kwa mahadhi, na beti ya kwanza ikaenda kama mashua ya Dunga yenye upepo nyuma. Shangazi mmoja akapiga kigelegele. Mchumba wangu akainamisha kichwa kwa haya, na mimi nikavimba. Nikaingia ubeti wa pili. Niliposema "Mweupe wa kutamani" shangazi wakatazamana, lakini nikapita.

Mjomba alikuwa hasikilizi tena. Alikuwa amezimimina njugu kwenye paja, ameikunjua karatasi, ameishika karibu na pua, na midomo yake inacheza kama yangu kwenye matatu.

Nikafika kwenye kibwagizo. Nikainua mkono, nikanyamaza kidogo, vile wafanyavyo wenye vipaji.

"Tuachane sikubaliii..."

Na kutoka kwenye kiti cha mwalimu, kwa sauti ya mtu aliyefundisha madarasa ya watoto sitini, ikaja:

"Japo umeoza, gego!"

Kimya. Kuku mmoja akapita.

"Rudia ubeti wa kwanza," mzee akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha mbaya, ile ya mwalimu aliyekamata kijikaratasi cha kuibia mtihani. Ningefanya nini? Ni mkwe. Nikarudia, kwa sauti ya mtu aliye kizimbani, naye akawa ananidakia kila nifikapo kwenye koma:

"Usiku sasa silali..."
"Kwa maumivu ya gego!"
"Chakula hata sijali..."
"Hata uji ni mzigo!"
"Wanitesa kwelikweli..."
"Shavu limekuwa gogo!"

Watoto walianza kucheka kabla hatujafika kwenye kibwagizo, na kilipofika wakakiitikia wote. Mzee akaashiria niendelee.

"Toka utoto mwandani..."
"Tumetafuna mihogo!"
"Mweupe wa kutamani..."
"Leo wanuka kidogo!"

Hapo bibi mzaa mama, ambaye Kiswahili cha mashairi hakimpiti masikioni, akamwinamia jirani yake akauliza kwa Kimaragoli kijana anasema nini. Na yule shangazi aliyenipigia kigelegele, Mungu amsamehe, akamtafsiria kwa ufupi: anasema mtoto wetu ameoza, na ananuka kidogo.

Sitaki kukaa sana kwenye dakika kumi zilizofuata. Msemaji wetu alisimama, akasema kwetu neno gego ni la heshima, akaulizwa ni kwetu wapi, akaketi. Sahani iliyokuwa na firigisi, ambayo nimeapiwa na watu wawili kwamba ilikuwa inakuja upande wetu, ilikata kona. Mchumba wangu alikuwa ameuficha uso kwenye leso, mabega yanatikisika. Nikajua nimemliza mbele ya ukoo wake. Alipoitoa leso nikaona ni kicheko, tena kile cha kukata pumzi, na akaniambia kwa ishara ya kidole nisithubutu kuketi: nimalizie.

"Nikushikapo shavuni..." nikasema, maana nilikuwa sina cha kupoteza tena.

"Nanguruma kama mbogo!" mjomba akajibu, akavua miwani, akajifuta machozi.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alichukua sinia, akapita kwa kila mtu, mtoto kwa mzee, akawa anamimina njugu zao na kuwanyang'anya karatasi. Watoto wawili walilia. Alirudi na vipande zaidi ya thelathini, akavipanga mezani kati ya soda na sukari, akaniita nikae karibu naye, tukasahauliwa. Wazee walipokuwa wakijadili ng'ombe sisi tulikuwa tunalinganisha kingo. Aliniuliza malenga huyu ni nani. Nikamwambia sijui. Alishika shavu lake mwenyewe, upande wa kushoto, akasema yeyote yule, gego lilimuuma kweli, mtu hawezi kubuni "shavu limekuwa gogo".

Vipande nilivyompelekea bila kujua hataki kunirudishia hadi leo. Zaidi ya hayo, orodha ya mahari ilipoandikwa, baada ya ng'ombe na kabla ya blanketi la bibi, kulikuwa na mstari kwa mwandiko wa mwalimu: "Ukwapi wote." Sasa kila mwisho wa mwezi napeleka nilichopata, tunasoma, naye ananitoza kosa la mizani. Mchumba wangu ananiita Gego mbele ya watu, na nimezoea.

Kimebaki kitu kimoja. Washairi wengi hutaja lakabu na kwao katika beti ya mwisho. Beti hiyo ninayo, nusu yake: "Tamati mimi malenga," na hapo pamechanwa. Jina liko upande wa kulia. Jumatatu iliyopita nilimwendea mama njugu nikamwonyesha ukingo wa karatasi, nikamwomba akumbuke.

Alikumbuka. "Hiyo nilimuuzia konda wa Busia."

Nikakimbia hadi zinapopakia za Busia. Makonda walikuwa sita, wameegemea magari yao kivulini, na wote walikuwa wanatafuna.