Kipindi cha PE Kilichotupa Faith Kipyegon Bado Kinaibwa

Julai 5, 2025, mjini Eugene, Marekani, Faith Kipyegon alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68, akaivunja rekodi ya dunia ambayo ilikuwa yake mwenyewe. Septemba hiyo hiyo, huko Tokyo, akatwaa taji lake la 4 la dunia katika mbio hizo. Kabla ya hapo alikuwa ameshakuwa mtu wa kwanza, awe mwanamume au mwanamke, kushinda dhahabu 3 mfululizo za Olimpiki katika mita 1,500: Rio, Tokyo na Paris. Sisi watu wa Nakuru tukisema huyo ni wetu, tuna haki. Amelelewa Keringet, kule Kuresoi kwenye baridi na mashamba ya viazi, na akasoma huko huko katika shule ya wasichana ya Winners.

Kuna sehemu ya safari yake ambayo hatuisemi vya kutosha. Alikuwa mtoto wa mpira wa miguu. Alipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, katika kipindi cha PE, yaani mazoezi ya mwili, wanafunzi waliambiwa wakimbie kilomita moja. Faith akawaacha wenzake kwa mita 20 hivi. Hapo hapakuwa na wakala wala kocha kutoka Ulaya. Palikuwa na kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba, na siku yake ilipofika kikafundishwa. Mwaka 2010 msichana huyo alikuwa Bydgoszcz, Poland, kwenye mbio za nyika za dunia, akakimbia pekupeku na kumaliza wa nne kwa vijana. Mwaka uliofuata, Punta Umbría, Uhispania, pekupeku tena, akashinda.

Sasa niambie, ingekuwaje kama siku ile mwalimu wa hesabu angeingia darasani na kusema, "Leo PE hakuna, tumalizie topiki"?

Kila aliyesoma sekondari huku kwetu anajua jinsi jambo hili lilivyo la kawaida. PE iko kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni, imeandikwa kwa herufi nzuri, na afisa wa elimu akija anaonyeshwa. Ikifika saa yake, anaingia mwalimu wa somo la mtihani na rundo la karatasi za marudio. Kidato cha nne ndio usiseme, hata kujifanya hakuna. Nimepita karibuni katika shule moja ya kaunti yetu ambayo sitaitaja. Nusu ya uwanja imepandwa mahindi. Goli moja limebaki na miti miwili bila mwamba, na lile jingine wanafunzi huanikia sweta. Nikauliza mipira iko wapi. Nikaonyeshwa mlango wa stoo. Iko ndani pamoja na majembe na mafyekeo, na ufunguo anao naibu wa mwalimu mkuu, ambaye siku hiyo alikuwa mkutanoni mjini. Na ukutani, karibu na lango, pamechorwa kwa rangi ya kijani jina la mwanafunzi wao wa zamani aliyewahi kuiwakilisha Kenya. Hilo liliniuma kuliko mahindi. Shule inajivunia tunda na huku mti imeukata.

Naelewa tulikotoka. Shule zetu za zamani zilijengwa kutoa makarani, walimu na viongozi. Maseno, iliyoanza mwaka 1906, ilipitiwa na Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais, na mwanahistoria Profesa Bethwell Ogot, na mzazi wa Nyanza au Magharibi akimpeleka mtoto shule bado picha iliyo kichwani mwake ni ya watu wa aina hiyo. Ni picha nzuri. Ila imetufanya tuwahesabu wanafunzi wa zamani kwa vyeo na digrii, na wanamichezo tunawachukulia kama bahati iliyodondoka kutoka mbinguni, kana kwamba shule haikuhusika.

Jambo hili limepata uzito mpya mwaka huu wa 2026. Wanafunzi wa kwanza wa CBE, mtaala mpya wa umilisi, wameingia Gredi ya 10, na sekondari pevu ina mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Nilisikia mazungumzo ya kuchagua mikondo katika nyumba nyingi, yetu ikiwemo. Mpwa wangu aliye Kisumu alitaka ule wa tatu. Anacheza mpira, anajua anachotaka, na alama zake ni nzuri. Mama yake, dada yangu, akanipigia simu: "Kaka, hebu ongea na mtoto wako. Na alama hizi zote anataka kwenda kukimbiakimbia?"

Nilimjibu, "Dada, wanaokimbiakimbia ndio wanaotuimbisha wimbo wa taifa."

Alinyamaza, kisha akasema jambo ambalo lazima nilijibu hapa kwa heshima, kwa sababu ni hofu ya wazazi wengi. Alisema Faith ni mmoja, na wasichana waliojaribu wakashindwa ni maelfu ambao hatuwajui majina. Ni kweli. Kuna majeraha, kuna mawakala wanaowasainisha watoto mikataba wasiyoielewa, kuna dawa zilizopigwa marufuku. Na kuna mabaya zaidi ya hayo. Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Alikuwa na miaka 25. Mwaka 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alichomwa moto Trans Nzoia, wiki chache baada ya kukimbia marathoni ya Olimpiki. Mzazi anayeyajua hayo na akaogopa, simlaumu hata kidogo.

Lakini hofu hiyo, ukiifuata hadi mwisho, inatuelekeza shuleni. Msichana mwenye kipaji hatakiacha kwa sababu shule imefunga stoo. Ataenda kukitafuta kambini, kwa mtu asiyejulikana, akiwa na miaka 15 au 16, mbali na mama yake na mbali na mwalimu. Shule ina matroni, ina daftari la mahudhurio, ina mwalimu atakayeuliza kwa nini leo fulani hakuja. Ina somo la biashara litakalomfundisha asilimia ya wakala ni nini na benki inafanyaje kazi. Michezo ikikaa ndani ya shule, mtoto anakua nayo akiwa na watu wazima wanaowajibika kwake. Tukiisukuma nje ya shule, tunamkabidhi kwa yeyote atakayejitokeza.

Mtazame Emmanuel Wanyonyi, kijana wa Trans Nzoia. Aliacha shule akiwa mdogo, akachunga ng'ombe wa watu ili apate riziki. Akarudi darasani. Agosti 2021 akashinda mita 800 za dunia kwa walio chini ya miaka 20 pale Kasarani, Nairobi. Paris 2024 akapata dhahabu ya Olimpiki kwa dakika 1 na sekunde 41.19, na Tokyo 2025 dhahabu ya dunia.

Au watazame wasichana wa Junior Starlets, timu yetu ya taifa ya soka. Oktoba 2024 walicheza Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17 katika Jamhuri ya Dominika, timu ya kwanza kabisa ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la kiwango chochote. Wakaifunga Mexico 2-1. Wengi wao walikuwa wanafunzi wa sekondari, na wengi wetu tunazijua shule walikotoka kwa sababu tumezoea kuwaona kwenye michezo ya muhula wa pili, jua kali, mashabiki wamesimama kwenye mstari na vuvuzela. Mwaka mmoja baadaye dada zao wakubwa wa Harambee Starlets wakaitoa Gambia na kufuzu Kombe la Afrika la wanawake, mara ya kwanza tangu 2016. Huo mlolongo ulianzia kwa walimu wa michezo waliolipa nauli kutoka mifukoni mwao, na wengi wao hatujawahi kuwaita jukwaani hata siku moja.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa vyama vya wanafunzi wa zamani, kwa sababu nyinyi ndio shule huwasikiliza. Mmenunua mabasi, mmejenga mabweni, na siku ya zawadi mnakuja na suti na hotuba nzuri. Mwaka huu mkija, kabla ya kukaa kwenye hema la wageni, ombeni kuonyeshwa ratiba ya Kidato cha Tatu. Tafuteni PE ni siku gani. Kisha muulize mwanafunzi yeyote, si mwalimu, mara ya mwisho walitoka nje lini. Mkikuta kipindi kimekufa, msitoe hundi ya bweni kabla hakijafufuliwa. Nunueni mipira ishirini na viatu vya mbio, lipieni mwalimu wa michezo kozi ya ukocha, na mwambieni mwalimu mkuu mbele ya wazazi kwamba mahindi yatafutiwe shamba lingine.

Mpwa wangu yuko Gredi ya 10 sasa, katika mkondo alioutaka. Mama yake ameniomba nimtafutie viatu vya mpira namba 38.