Kahawa isichumwe kama majani chai

Sai ukipita Kericho, Bomet ama Nandi hukosi kuona miche ya kahawa imesimama kando ya majani chai, na ukiuliza ni ya nani unaambiwa ni ya kijana fulani. Mi sishangai. Bonasi ya majani, yale malipo ya mwisho wa mwaka, huku magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ikiachwa nyuma na ile ya Mlima Kenya, watu wamelalamika mpaka wamechoka, na kahawa nayo kule mnada wa Nairobi inauzwa kwa dola. Halafu kuna aina za kahawa kama Batian na Ruiru 11 zinazohimili kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, kwa hivyo hata dawa hupigi sana.

Shida naona ni mikono yetu, imefunzwa na chai. Majani mawili na chipukizi, jaza kikapu, pima, lipwa kwa kilo, wiki moja ama mbili unarudi palepale. Sasa chukua huyo huyo mchumaji umpeleke kwa kahawa na umlipe kilo, si atakuvunia cheri, yaani matunda ya kahawa, nyekundu zilizoiva na za kijani zote pamoja, na huwezi kumlaumu, wewe ndo umemwambia pesa iko kwa uzito! Na kahawa spesholti, ile ya ubora wa juu, inaonjwa, inapewa alama, chini ya 80 kwa 100 haiitwi spesholti, na cheri mbichi huharibu ladha. Mi naonelea mlipeni kwa siku, ama kilo ya nyekundu tupu iwe na bei yake, na mti mmoja urudiwe mara kadhaa. Ni gharama, ndio.

Alafu hata ukichuma vizuri namna gani, ukifika sosaiti, kile chama cha ushirika cha wakulima, cheri zako zinamwagwa pamoja na za jirani aliyekwangua mti wote asubuhi moja. Hapo bidii yako imepotea. Ndo maana vijana wachache wakiungana wakawa na mashine yao ya kukoboa, ile ya kutoa ganda la nje la cheri, na kibali bila shaka, wakoboe siku ileile, wachachushe, waoshe, waanike kwa vitanda na kugeuzageuza mpaka unyevu ushuke kama asilimia 11, hao ndo nawaona wakifika mbali. Kupanda ni kazi ndogo bana.

Na wale wanaosema ng'oa chai yote, hapana. Majani yanaleta pesa kila mwezi, kahawa utangoja kama miaka mitatu ndo uone mavuno ya maana, karo itatoka wapi? Mzee akikataa kung'oa ana hoja, na shamba ni lake. Lakini na yeye akikubali kukata kipande asimpe kijana ile sehemu ya bondeni maji yanatuama kisha aseme kahawa imemshinda, mizizi ya kahawa haitaki kukaa majini. Na kaunti zikileta miche ya bure chukueni, ila muulize mashine ya kukoboa inakuja lini.