Anayefua Mazulia Aongeze na Tailizi?

Masika yakianza, mfua mazulia wa Dar es Salaam anajua kwamba msimu wake mgumu umefika. Zulia lililofuliwa Jumatatu linaweza kufika Alhamisi bado lina ubaridi ukilikandamiza kwa kiganja, na zulia likichelewa kukauka linatoa harufu ya uvundo ambayo haifunikwi na manukato yoyote. Wateja wanalijua hilo, kwa hiyo kuanzia Machi hadi Mei simu zinapungua. Mashine imekaa stoo, vijana wawili wanasubiri malipo, na mwenye fremu anataka kodi yake kama kawaida. Ndipo linapokuja wazo ambalo wengi wetu katika kazi hii tumelijadili: kwa nini tusisafishe na tailizi?

Wazo lina msingi. Nyumba nyingi tulizokulia zilikuwa na sakafu ya saruji, pengine imepigwa rangi nyekundu na kung'arishwa. Leo, hasa tangu viwanda vya tailizi vijengwe Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, tailizi imeingia hata katika nyumba ya kawaida ya Chanika au Kivule. Sebuleni kuna zulia moja katikati. Korido, jiko, mabafu na baraza vyote ni tailizi. Sisi tunaingia, tunasafisha zulia la mita sita za mraba, tunapita juu ya sakafu chafu iliyolizunguka na kuondoka. Msikitini ni hivyo hivyo. Ramadhani ikikaribia, kamati inamtafuta mtu wa mazulia ya ndani, kisha inaanza kumtafuta mwingine wa mahali pa kutawadhia, ambako tailizi zimeota ukoko wa sabuni na chumvi ya maji ya kisima. Mteja ni yuleyule, na nauli ya kirikuu ni ileile. Tena tailizi haihitaji kuanikwa juani. Mvua ikinyesha watu wanaingiza tope ndani, na sakafu iliyooshwa ikanyonywa maji inakanyagika baada ya muda mfupi tu.

Wanaopinga wana hoja ambayo mwanzoni niliipuuza: mtu alipie nini, wakati dada wa kazi anadeki kila asubuhi? Kwa sehemu wana haki. Sakafu ya sebuleni yenye tailizi kubwa zinazong'aa haina biashara kwetu. Biashara iko kwenye jointi, ule mstari mwembamba kati ya tailizi na tailizi. Tailizi ya poseleni hainyonyi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Grauti inayojazwa kwenye jointi ni saruji na mchanga, ina vitundu, na inakaa chini kidogo ya uso wa tailizi. Ukideki, dekio linasukuma maji machafu, nayo yanateremka kwenye jointi na kukaukia humo. Kwa hiyo nyumba inayodekiwa kila siku ndiyo mara nyingi yenye jointi nyeusi kuliko zote, na anayedeki hana kosa lolote. Mwenye nyumba aliyekwisha kusugua kwa brashi na jiki miezi sita bila mafanikio, huyo yuko tayari kulipa.

Na hapo ndipo mfua mazulia anapokuwa na kitu ambacho wengine hawana. Brashi kila mtu anayo. Asichokuwa nacho dada wa kazi ni mashine ya kuyavuta maji machafu papo hapo, kabla hayajarudi kutulia kwenye jointi. Ile pampu ya kunyonya uliyoinunua kwa ajili ya mazulia ndiyo mtaji wenyewe. Wauzaji wa vifaa watakuambia ununue pia mashine ya shinikizo kubwa, kwa kuwa nyingi za mazulia zinasukuma maji kwa shinikizo la paundi 100 hadi 500 kwa inchi ya mraba, na vifaa maalumu vya tailizi huanzia kama paundi 800. Mimi ningeahirisha. Katika nyumba zetu nyingi mafundi wamejaza jointi kwa saruji nyeupe iliyokorogwa na maji tu, na jointi laini namna hiyo inang'oka kwa shinikizo. Mashine ya kusugulia ya brashi ya duara, inayozunguka taratibu, pamoja na brashi ndogo za mkono kwa ajili ya kona, inatosha kuanzia.

Sasa niseme la upande wa pili, na hili ninalisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwepo. Kazi yetu ya tatu ya tailizi ilikuwa bafu la ghorofani, Tabata. Maji ya kisima yalikuwa yameacha ukoko wa njano, na tuliusugua kwa sabuni hadi mikono ikachoka. Kijana mmoja akaleta asidi, ile inayotumiwa na mafundi kuondoa madoa ya saruji. Tulipoimwaga ilichemka na kutoa povu, ukoko ukaondoka, na jointi zikatoka nyeupe pe. Mama mwenye nyumba alifurahi mpaka akatuongezea pesa ya soda. Baada ya miezi miwili akapiga simu. Jointi zilikuwa zinatoka unga ukizigusa kwa kucha, tailizi mbili karibu na bomba zilikuwa zinatoa mlio wa uwazi chini yake zikigongwa, na dari ya chumba cha chini ilikuwa imepiga doa la maji. Weupe tuliousifia ulikuwa saruji iliyochubuliwa. Asidi haikusafisha grauti. Ilikula ngozi yake ya juu, na ikabaki laini, tayari kunyonya maji na uchafu kuliko mwanzo. Tulimlipa fundi akwangue na kujaza upya, na faida ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kusafisha tailizi ni kuongeza huduma tu. Hiyo ni fani nyingine. Mafuta ya jikoni yanataka dawa ya alkali. Ukoko wa chumvi unataka asidi, hafifu, juu ya jointi zilizokwisha kuloweshwa maji, na isuuzwe mapema. Ukizibadilisha, ama hutafanikiwa ama utaharibu. Kwenye magorofa ya zamani ya Upanga na Kariakoo kuna sakafu za terazo zenye vipande vya mawe ya marumaru ndani yake; tone moja la asidi linaacha doa lililofifia, na haliondoki mpaka sakafu ing'arishwe upya. Halafu kuna dawa inayobaki kwenye tangi na mpira. Alkali kali ya jikoni ikifika kesho yake kwenye zulia la sufu, rangi inachuja na nyuzi zinakakamaa. Anayeingia kazi hii awe na tangi, mipira na brashi za tailizi peke yake.

Kubwa kuliko yote ni pumzi za vijana. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini. Katika bafu la dirisha moja dogo, mtu aliyepiga magoti uso ukiwa sentimita thelathini kutoka sakafuni anaivuta yote. Na kukutana kwenyewe ni rahisi mno: mwenye nyumba amemwaga jiki asubuhi kabla hujafika, nawe unakuja na dawa yako. Uliza kwanza, suuza kwa maji mengi, fungua mlango, ndipo uanze. Bosi asiyeweza kusimamia hilo abaki na mazulia yake.

Kuna na bei. Tumezoea kutoza zulia kwa ukubwa, basi tunahamishia kipimo hichohicho kwenye tailizi na kujipunja. Chukua chumba cha mita nne kwa tano, yaani mita 20 za mraba. Kikiwa na tailizi za sentimita 60 kwa 60, kina takribani mita 67 za jointi. Kikiwa na za 30 kwa 30, jointi zinafika mita 133 hivi. Eneo ni moja, kazi ni mara mbili, na magoti ni yaleyale. Bafu la tailizi ndogo ndilo linalochosha zaidi, nalo ndilo wateja wanalitaja kuwa "kachumba kadogo tu". Kwa hiyo pima tailizi moja kabla ya kutaja bei.

Sila, ile dawa ya kuziba vitundu vya grauti, ingeweza kuwa faida nzuri ya pili. Ukidondosha tone la maji kwenye jointi likazama na kuacha alama nyeusi, jointi haijazibwa. Lakini sila inataka jointi iliyokauka hasa, kwa kawaida kama siku nzima baada ya kuosha, na katika unyevu wa masika hata siku moja inaweza isitoshe. Msimu uleule unaotuletea kazi ya tailizi unatuchelewesha kuimalizia. Yafaa kupanga safari mbili tangu mwanzo na kuzitoza zote, kuliko kupaka haraka ili uwahi kazi nyingine.

Kwa mwenye vijana watulivu na mashine nzuri ya kunyonya, mimi nasema aongeze, ila aanze na majiko na mabafu ya wateja wake wa zamani, na mahali pa kutawadhia pa msikiti wa mtaani kwake. Asimwahidi mtu kwamba jointi zitakuwa kama siku zilipojazwa. Kabla ya kupokea hata kianzio, achague nusu mita nyuma ya mlango, aisugue kwa dawa atakayotumia, ainyonye maji na aiache ikauke, maana jointi mbichi haionyeshi rangi yake. Kisha amwite mwenye nyumba aangalie. Akiridhika na rangi ile, kazi ianze. Akitaka weupe zaidi ya hapo, apewe namba ya fundi wa tailizi, kwa sababu anachohitaji ni kukwanguliwa jointi na kujaziwa upya.