Jamani, Sikumwozesha Msimamizi

Najua mmeshaipata ile habari ya video ya harusi niliyohariri, kwamba eti nimemwozesha msimamizi wa bwana harusi. Yule mwenzangu mnayemfahamu, aliyeshika simu siku ile ya harusi, hakuweza kulala nayo hata usiku mmoja. Nimeamka nakuta ujumbe wa mtu nisiyemjua ananiuliza kama nahariri video tu au nafungisha na ndoa. Basi ngoja nisimulie mwenyewe, kabla toleo lake halijaota mkia mwingine. Sikumwozesha msimamizi. Nilikosea kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazopita kila sekunde. Ni mambo mawili tofauti, ingawa kwenye televisheni ya kina bwana harusi yalifanana kabisa.

Tena nilijiandaa! Mimi ndiye yule anayewachosha kila siku kwamba MP4 si kodeki (njia ya kubana video), ni kasha tu, na ndani ya kasha unaweza kukuta kodeki ya H.264, ukakuta kitu kingine kabisa. Kamera mbili kubwa zilirekodi 1080 kwa fremu 25, faili za MTS. Nikanakili folda nzima ya kadi, si faili mojamoja, maana kamera hizo hukata klipu ndefu vipande, na ukiviokota ovyo unapoteza fremu kwenye viungo. Kisha nikazigeuza zote kuwa DNxHD, kodeki ya kuhariria, ya megabiti 120 kwa sekunde kabla sijakata hata sekunde moja. H.264 inabana kwa ujanja: inaweka picha moja nzima, zinazofuata zinabeba mabadiliko tu. Ukikata katikati, kompyuta lazima irudi kuitafuta ile nzima ijenge upya kila kitu, feni inalia, mshale unaganda, na wewe unazeeka. DNxHD kila fremu inajitegemea. Ubaya wake ni nafasi, kwa sababu saa moja inameza gigabaiti 54.

Hapo ndipo shetani aliponipitia. Kulikuwa na faili la tatu, la simu, dakika 35 mfululizo. Kwa DNxHD hiyo lingekula gigabaiti 31.5. Diski kuu ya kompyuta ilikuwa imebakiwa na gigabaiti 28. Ningeweza kufuta takataka. Ningeweza kushuka hadi DNxHD 36, nikatumia gigabaiti tisa na nusu tu. Mwenzenu nikalivuta kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, lilivyo, nikijisemea, aah, simu yenyewe ni ya akiba, nitachomoa sekunde chache. (Wewe uliyeanza kucheka hapo, unaijua kazi. Wengine subirini.)

Kamera ikisema fremu 25, ni 25 mpaka betri ife. Simu ikisema 30, maana yake ni "nitajitahidi". Taa zikififishwa, inapunguza kasi ili kila fremu ipate mwanga zaidi, halafu inaongeza tena, haimwambii mtu. Sauti haina habari na hayo, inakwenda na saa yake. Programu yangu ya kuhariri, ambayo kwa umri ingepaswa kustaafu, ikasoma 30 kwenye kichwa cha faili ikaamini mpaka mwisho. Hesabu niliifanya baadaye, mlango nimeufunga: sekunde 2,100, fremu 62,874. Gawanya kwa 30 unapata sekunde 2,095.8. Yaani picha imeshamaliza, sauti bado ina sekunde nne na ushee za kusema.

Na kwa nini nilitumia picha ya simu kwenye kiapo, tendo la maana kuliko yote? Kwa sababu shangazi mmoja alisimama mbele ya kamera kubwa dakika ileile, na kamera ya pili ilikuwa inawatazama wageni. Ikabaki simu. Na simu, nikumbushe, ilikuwa mkononi mwa huyo msimulizi wenu.

Diski ya DVD ilikuwa ombi la babu wa bwana harusi, ambaye ana deki na hataki kusikia habari ya viungo vya kupakua mtandaoni. Diski ya kwanza alipelekewa na mwenzangu: faili la MP4 limenakiliwa juu ya diski kama mtu anavyonakili barua. Deki ikaizungusha, ikaitema. Deki kama ile inataka DVD ya kweli: picha ya kodeki ya MPEG-2, 720 kwa 576, fremu 25, sauti ya kilohezi 48, na folda ya VIDEO_TS yenye faili zake za IFO, BUP na VOB. Nikaichukua kazi kwa mbwembwe. Diski ya gigabaiti 4.7 ina megabiti 37,600, filamu yangu ilikuwa dakika 110, sawa na sekunde 6,600. Ukigawanya unapata megabiti 5.7 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Nikatoa kilobiti 192 za sauti ya AC-3, nikaacha mwanya wa menyu, nikaweka wastani wa 5.3 na kilele cha 8, mapito mawili: la kwanza linapima, la pili linabana. Alama ya 16:9 nikaiweka, maana ukiisahau watu wote wanarefuka kama wamebanwa na mlango. Nikachoma kwa kasi ya 4x, nikaifunga diski ili deki nyingine ziisome, nikaijaribu kwenye deki ya nyumbani.

Nikatazama dakika tano za mwanzo wa ibada. Muziki, maua, watu wanaingia. Taa zote zinawaka, simu bado inapiga fremu zake 30 kwa adabu, na hakuna mdomo hata mmoja unaosema. Safi. Nikaandika juu ya diski kwa kalamu ya wino: NAKALA KAMILI.

Sasa twendeni polepole.

Sebule imejaa koo zote mbili. Babu kakalia kiti cha mbele, rimoti mkononi. Mimi nimesimama karibu na mlango, mikono kifuani, nasubiri sifa. Tunafika kwenye kiapo. Mfungisha ndoa kwenye picha anafunga mdomo. Sauti yake inaendelea: "...katika shida na raha..." Nikahisi kitu kama kidole cha baridi shingoni, kwa sababu midomo haidanganyi. Bwana harusi kwenye picha anameza mate, anafungua mdomo, anatamka jambo, anafunga. Hakuna kilichotoka. Juu ya uso wake mtulivu bado anasikika mfungisha ndoa: "...mpaka kifo kitakapowatenganisha?"

Kimya.

Na hapa mwenzangu, kwa sababu zake anazozijua mwenyewe, alikuwa ameigeuza simu taratibu kwenda kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa hajalala siku mbili. Sura yake ikajaa kioo kizima, na sura hiyo ikaanza kupiga mwayo. Si mwayo wa kuficha na kiganja, ulikuwa mwayo wa mtu aliyekata tamaa. Mdomo ukafunguka, ukafunguka, tukaona gego la nyuma kabisa upande wa kushoto, lile lenye kiraka cha fedha, na mdomo ulipofika upeo wake, kutoka ndani ya shimo lile ikatoka sauti nzito, ya upendo, iliyosikika mpaka jikoni:

"Ndiyo. Nakubali."

Picha ikarudi kwa bibi harusi. Anatabasamu, anafuta chozi.

Halafu wageni kwenye picha wakapiga makofi bila mlio wowote, wakaacha, wakakaa, na makofi ndiyo kwanza yakaja, watu wote wametulia mikono mapajani.

Sebuleni hakuna aliyecheka, na hilo ndilo baya zaidi. Bwana harusi alimgeukia msimamizi, aliyekuwa kwenye kochi lilelile, msimamizi akatazama zulia. Babu akabonyeza kurudisha nyuma. Huyu ni mzee ambaye kwa wiki mbili amenipigia simu kuuliza kitufe cha kuwasha, lakini kurudisha nyuma alikijua! Mwayo, gego, "Ndiyo, nakubali." Akarudisha tena. Mara ya tatu akakuta na kitufe cha kusimamisha, akaisimamisha picha mdomo ukiwa wazi.

"Mjukuu wangu," akaniita, hajanigeukia. "Hebu niambie. Hapa aliyeoa ni nani?"

"Babu, hiyo ni kasi ya fremu tu."

"Sijakuuliza kasi. Nimekuuliza nani kaoa."

Nikaanza kueleza. Ndugu zangu, msijaribu kumweleza mtu fremu zisizo na kasi moja mbele ya bibi harusi anayelia kwa kicheko ndani ya kitambaa. Nilifika kwenye "simu ikikosa mwanga" nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "kwani ndoa inahitaji taa?" na ndipo sebule nzima ikapasuka.

Yaliyofuata ni mafupi. Nilirudi nyumbani, nikafungua faili la simu kwenye MediaInfo, programu inayosoma habari za faili, na pale pale, mstari ambao ningeusoma kwa sekunde mbili siku ya kwanza: kasi ya fremu, inabadilika. Nikalipitisha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza video, kwenye sehemu ya video nikachagua fremu 30 na nikaweka alama ya kasi isiyobadilika badala ya ile inayojiachia, ikazirudia fremu pale zilipopungua mpaka picha na sauti zikawa na urefu mmoja. Nikalibadilisha kwenye mradi, nikaangalia mwisho wa klipu kwanza, si mwanzo, maana kuachana huku hukua kadiri faili linavyokwenda na mwanzo utakuonyesha uso mzuri siku zote. Nikarenda, yaani nikaitoa filamu nzima upya, nikachoma, nikaitazama yote, dakika 110, peke yangu, bila kusogeza mbele. Picha ya simu kwenye kiapo nimeiacha, maana kamera kubwa ilizibwa na shangazi, sikuwa na picha nyingine.

Niliipeleka diski mpya nikaomba ile ya zamani niivunje. DVD-R huchomwa mara moja tu, huwezi kufuta ukaandika juu yake, dawa yake ni kuivunja. Babu aliipokea mpya kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akaiweka kabatini ikiwa ndani ya kasha lake.

Ile ya zamani iko kwenye deki. Jana kulikuwa na wageni.