Morris 1100: alaumiwe mhandisi au mhasibu?

Mwaka 1962 kampuni mbili zilizokuwa zikitengeneza magari Uingereza zilitoa magari ya kugombea mfuko wa mtu mmoja: baba mwenye mshahara wa kawaida, mke, watoto wawili watatu, na hamu ya kwenda ufukweni Jumapili. Agosti BMC (British Motor Corporation, kampuni iliyotokana na kuungana kwa Austin na Morris) ilileta Morris 1100. Mwezi uliofuata Ford ikaleta Cortina. Hili la pili halikuwa na jambo jipya la kusimulia: injini imekaa kwa urefu mbele, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma, kila kitu fundi yeyote alishakiona. Lile la kwanza lilikuwa jipya karibu kila mahali. Nalo ndilo lililopendwa. Kuanzia 1963 hadi 1971 liliongoza mauzo nchini Uingereza karibu kila mwaka, isipokuwa 1967 lilipopitwa na Cortina, na jumla yalitengenezwa zaidi ya milioni mbili.

Hata hivyo Ford ilitajirika, na BMC ikazidi kudhoofika mpaka ikaunganishwa na Leyland, watengenezaji wa malori na magari, mwaka 1968. Mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua kampuni nzima. Ndiyo maana gari hili bado linabishaniwa. Wapo wanaosema lilikuwa kazi ya kipaji iliyoangushwa na wakubwa wasiojua biashara. Wengine wanasema ubunifu wenyewe ndio ulioila kampuni. Mimi naona pande zote mbili zinabishana kuhusu gari zima, wakati mle ndani mlikuwa na mawazo mawili makubwa yanayostahili hukumu tofauti.

Aliyelibuni ni Alec Issigonis, mzaliwa wa Smirna (leo Izmir, Uturuki), ambaye mwaka 1959 alikuwa ameshaitikisa dunia na gari dogo la Mini. Umbo la bodi lilitoka kwa Pininfarina, wachoraji wa magari wa Italia, na ndiyo sababu 1100 lina sura ya kupendeza kuliko magari mengi yaliyochorwa na Issigonis mwenyewe, ambaye urembo haukuwa shida yake. Injini ililazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. Kwa hiyo gari la urefu wa mita 3.7 hivi lilikuwa na nafasi ya kukaa ambayo magari makubwa kuliko hilo hayakuwa nayo. Mbele lilikuwa na breki za diski, wakati magari mengi ya bei yake yalikuwa bado na breki za ngoma.

Wazo kubwa la kwanza ni la kubebea gari juu ya magurudumu (suspensheni), na hapa sifa ziende kwa Alex Moulton, mtaalamu wa mpira kutoka Bradford-on-Avon. Mfumo wake uliitwa Hydrolastic. Kila gurudumu lilikuwa na kopo la chuma lenye mpira ndani, limejazwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda na kutu. Bomba liliunganisha kopo la mbele na la nyuma kwa kila upande wa gari. Gurudumu la mbele likipanda tuta, maji yanasukumwa nyuma, nyuma nako kunainuka, na gari linabaki sawa badala ya kuchezesha pua juu na chini. Shokomzoba hazikuwepo kabisa. Vali zilizomo ndani ya kopo ndizo zilizotuliza mrusho. Gari dogo, jepesi, likapita kwenye barabara mbovu kwa utulivu wa gari kubwa.

Wapinzani wana hoja. Bomba likivuja, upande mmoja unakaa chini, na kuupandisha tena kunahitaji pampu maalumu ambayo si kila gereji ilikuwa nayo. Mini lilipewa mfumo huo mwaka 1964, kisha mwishoni mwa muongo likarudishiwa mpira wake wa zamani ili kupunguza gharama. Lakini Mini ni gari la magurudumu yaliyosogeleana. Halikuwa na urefu wa kuufaidi mfumo. Kwenye 1100 ulifanya kazi yake, na dereva aliisikia akiwa kwenye usukani.

Wazo la pili ni giaboksi, na hapa siwezi kumtetea Issigonis. Ili injini na giaboksi vienee kwa upana wa gari, aliishusha giaboksi chini ya injini, ndani ya sampu (bakuli la oili), na vyote viwili vikatumia oili moja. Kwenye karatasi ni akili nyingi. Gereji ni hadithi nyingine: gia zinaichosha oili iliyokusudiwa injini, unga wa chuma kutoka kwenye meno ya gia unazunguka na oili hiyohiyo, na giaboksi ikihitaji kufunguliwa lazima injini inyanyuliwe nje.

Ila kero ya mafundi ni ndogo ukiilinganisha na hili: mpangilio ule uliifungia kampuni. Injini ya 1100, ya cc 1098 na nguvu farasi 48, ilitokana na ile iliyoanza mwaka 1951 ikiwa na cc 803. BMC ilipotengeneza injini mpya ya kuwekwa juu ya giaboksi namna hiyohiyo, ikawa ndefu kwenda juu. Mwaka 1973 Austin Allegro, mrithi wa 1100, lilipotoka, boneti yake ilikuwa imeinuliwa ili injini hiyo ienee, na mchoro mwembamba wa awali ukageuka kitu kilichovimba. Wakati huo Italia walishalitatua jambo hili. Mwaka 1964 Dante Giacosa wa Fiat aliweka kwenye Autobianchi Primula injini ya upana na giaboksi ikafungwa ubavuni mwake, kila kimoja na oili yake. Fungua boneti ya Vitz au Passo yoyote inayopita Dar es Salaam au Nairobi leo: utakuta mpango wa Giacosa.

Tukija kwenye fedha, upande unaomtetea mhandisi unapata nguvu. Inasimuliwa kwamba Ford walilinunua Mini, wakalifumua lote, wakahesabu kwamba BMC inapoteza takriban pauni 30 kwa kila moja. Hesabu ya mshindani ichukuliwe kwa tahadhari, lakini kwenye Cortina hao Ford walipima gharama ya kila kipande kabla hakijaidhinishwa. BMC ilikuwa na gari watu walilolitaka kuliko la mshindani wake, na bado ikashindwa kulipangia bei ya kuleta faida nono. Badala yake ililiuza gari hilohilo kwa nembo sita: Austin, Morris, MG, Wolseley, Riley na Vanden Plas, kwa sababu mawakala wa Austin na wa Morris walikuwa bado wanashindana kana kwamba kampuni hazijaungana. Kosa hilo si la mchoraji. Wala si yeye aliyeamua gari liishi zaidi ya miaka kumi bila mabadiliko makubwa kupita injini ya 1300 ya mwaka 1967.

Kutu ni aibu isiyo na mtetezi. Ilianzia chini ya milango na pale fremu ya nyuma ilipoungana na bodi, na ndiyo iliyoyamaliza mengi ya magari hayo yakiwa na injini nzima.

Mwaka 1980 kampuni ilitoa Austin Metro, likiwa bado na giaboksi ndani ya sampu na gia nne tu, kwa kuwa ya tano haikupata pa kukaa. Mfumo wa Moulton ulikuwemo pia, sasa ukitumia gesi badala ya mpira, lakini ili kuokoa fedha magurudumu ya mbele hayakuunganishwa na ya nyuma. Moulton hakukubali, alijitengenezea Metro lake lililounganishwa inavyotakiwa ili aonyeshe tofauti. Gari hilo lilipofanyiwa upya mwaka 1990, lilipata injini mpya, giaboksi ya gia tano iliyofungwa ubavuni, na yale mabomba ya kuunganisha mbele na nyuma yakarudishwa.